Kuandaa Seva Yako Kabla ya Kusakinisha Programu ya Kudhibiti Ufikiaji

Mteja anapotuomba tumsakinishie programu ya kudhibiti ufikiaji katika seva inayoendesha mifumo yake ya uhasibu, mishahara au stoo, jambo la kwanza analotaka kujua huwa ni kazi itachukua siku ngapi. Kusakinisha kwenyewe kwa kawaida humalizika kwa siku moja, ilhali maandalizi yanaweza kuchukua hata wiki mbili, na sehemu yake iliyo nzito zaidi haimo mikononi mwetu bali mikononi mwa mwenye biashara.

Programu hii hukaa mlangoni mwa mfumo. Kila anayebisha huulizwa yeye ni nani, huthibitishwa, kisha huangaliwa ameruhusiwa kufanya nini. Mambo mawili ya mwanzo ni ya kifundi na tunayamudu, lakini la tatu hatuwezi kuliamua kwa niaba yako, kwa kuwa fundi hana njia ya kujua iwapo karani wa stoo anapaswa kuona bei ya kununulia bidhaa, au iwapo mhasibu msaidizi anaruhusiwa kufuta ankara aliyoiandika mwenyewe. Ndiyo maana tunaomba orodha inayotaja kila mfanyakazi, kazi yake, anachohitaji kukiona na anachohitaji kukibadilisha, na tunasisitiza iandaliwe na wakuu wa idara badala ya kuachiwa kijana wa kompyuta.

Katika biashara moja ya jumla huko Eneo la Viwanda, Nairobi, tulipokuwa tukiipitia orodha hiyo pamoja na meneja, tulikuta akaunti iliyoitwa "stoo" ikitumiwa na watu sita kwa zamu, nenosiri lake likiwa limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya skrini. Wawili kati ya hao sita walikuwa wameshaacha kazi. Mzigo wowote ungepotea, kumbukumbu za mfumo zingetaja "stoo" tu, na wasio na hatia wangeshukiwa pamoja na mwenye hatia. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu binafsi azilinde, na zikifikiwa na asiyeruhusiwa kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipotambua. Ni vigumu mno kueleza kilichotokea ikiwa watu sita wana jina moja.

Orodha hiyo isiishie kwa wanadamu. Zipo programu zinazoingia katika seva bila mtu kuzigusa, kama ile inayochapisha ripoti usiku, na ipo pia anwani ya mtandaoni inayopokea taarifa za malipo ya M-Pesa. Anwani hiyo ikiwekwa nyuma ya ukurasa wa kuingilia bila utaratibu wake maalumu wa ulinzi, taarifa ya malipo itafika, itaombwa nenosiri isilokuwa nalo, na mteja aliyelipa ataonekana hajalipa.

Kwa upande wa seva, tunahitaji kujua toleo la mfumo endeshi, la Java (programu ambayo mifumo mingi huitegemea ili kufanya kazi) na la programu inayohudumia mifumo yako, kama vile Tomcat, na tunaomba lisibadilishwe lolote kati ya ukaguzi wetu na siku ya kazi. Cheti cha usalama, kile kinachothibitisha utambulisho wa seva, kiwe hakijaisha muda, na jina lililomo lilingane na jina la seva ambalo watumiaji huandika kwenye kivinjari. Ikiwa majina ya watumiaji yanatunzwa katika Active Directory, yaani daftari la watumiaji la Microsoft, seva iweze kuwasiliana nayo kupitia poti (mlango wa mawasiliano) 636, ambako mawasiliano husimbwa.

Saa ya seva nayo hupuuzwa sana. Uthibitishaji wa Kerberos, utaratibu ambao Active Directory hutumia kuthibitisha watumiaji, kwa mpangilio wa kawaida hukataa tofauti ya saa kati ya kompyuta inayozidi dakika 5. Tumewahi kukagua nenosiri sahihi lililokuwa likikataliwa mara tatu kabla ya kugundua kwamba seva ilikuwa imeachwa katika majira ya London, kisha mtu akaisogeza saa mbele kwa mkono ili isomeke kama ya Nairobi. Kwa macho ilikuwa sawa, lakini kwa hesabu za kompyuta ilikuwa imekosea kwa saa nzima kadhaa. Weka majira ya Afrika Mashariki, kisha uiache seva ichukue saa yake kwenye mtandao.

Nakala rudufu iwepo, na iwe imejaribiwa kwa kurejeshwa kweli. Iwepo pia akaunti ya dharura isiyotegemea programu mpya. Zamani tuliwahi kuanza kazi bila akaunti hiyo, kosa dogo la mpangilio likatufungia nje sisi pamoja na mwenye seva hadi usiku wa manane, na tangu siku hiyo hatuanzi kamwe bila kuiona ikifanya kazi.

Hatupangi kazi hii karibu na tarehe 9, wakati wa kuwasilisha kodi ya mishahara, wala karibu na tarehe 20 ya VAT. Jumamosi alasiri hufaa zaidi, kwani Jumapili hubaki ya kurekebisha. Tukifika, tutaomba kwanza orodha iliyotiwa saini, kisha bahasha yenye nenosiri la dharura, na baada ya kuingia kwa akaunti hiyo mbele yako ndipo tutakapoigusa seva.