Mahakama ya Rufani ije isikilize rufaa shuleni

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka ikifika Wiki ya Sheria, shule zetu hapa Mbeya hupata wageni. Hakimu anakuja na mawakili wawili watatu, wanafunzi wanakusanywa, wanaelezwa ngazi za mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi ya Rufani, wanaulizwa kama wana swali. Maswali huwa yale yale: mshahara wa jaji ni kiasi gani, na je, mwanafunzi akipigana anaweza kufungwa? Wageni wanapewa soda, wanaaga. Sibezi ujio huo. Lakini naomba nafasi katika gazeti lako nipendekeze kitu kizito zaidi: Mahakama ya Rufani inapokuja kufanya vikao vyake Mbeya au Iringa, itoe siku moja, ichukue rufaa moja ya kweli, iende kuisikilizia ukumbini kwenye shule ya sekondari, mbele ya wanafunzi.

Nasisitiza iwe ya kweli kwa sababu kesi za kuigiza tunazo. Nimeziandaa mwenyewe. Kwenye igizo kila mtu anamjua mwizi kabla jaji hajakaa, na wakili wa mwizi hupewa yule mwanafunzi asiyejua kuongea. Hapo mtoto hajifunzi kwamba watu wawili wenye akili timamu wanaweza kusoma kifungu kimoja cha sheria, kila mmoja akatoka na jibu lake, na wote wakawa na hoja.

Wamarekani wamekuwa wakifanya hivi miaka mingi. Jimbo la Colorado lilianza mwaka 1986, Ohio likafuata mwaka 1987. Majaji wa mahakama ya juu ya jimbo huondoka makao makuu, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, wakasikiliza mashauri halisi mbele ya wanafunzi wa sekondari. Wanafunzi husoma muhtasari wa shauri mapema, mawakili wa eneo hilo wakiwasaidia walimu. Hoja zikiisha, mawakili waliokuwa wanapambana hukaa na wanafunzi na kujibu maswali yao.

Kwetu jambo hili ni jepesi kuliko linavyosikika. Mahakama ya Rufani haiiti mashahidi wala haipokei panga lenye damu kama kielelezo. Majaji watatu wanakaa na kumbukumbu za shauri lililokwisha kuamuliwa chini, mrufani anaeleza ni wapi jaji aliteleza, mjibu rufani anapinga, majaji wanauliza. Majoho, meza, mafaili basi. Na mahakama hii imezoea kusafiri: jopo hutoka makao makuu likaja kanda hii kwa vikao. Mwaka 2019 Mahakama yenyewe ilizindua mahakama zinazotembea, magari yanayopeleka huduma kwa wananchi huko Dar es Salaam na Mwanza. Kama hakimu anaweza kuamua shauri akiwa ndani ya gari, majaji watatu hawatashindwa na ukumbi wa shule.

Nitatoa mfano wa kilichonifanya niandike. Wewe Mhariri unaujua kuliko mimi, maana marehemu alikuwa mwenzenu. Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi. Askari polisi akashitakiwa kwa mauaji, na Julai 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Wakati huo nilikuwa nafundisha Iringa. Kesho yake darasa zima la kidato cha nne lilitaka kujua jambo moja: mtu ameua, imekuwaje akapewa miaka 15? Nikaeleza kadiri ya uwezo wangu kwamba mauaji ya kukusudia adhabu yake kisheria ni kunyongwa, na jaji hana pa kuchepukia. Kwamba upande wa mashitaka ukishindwa kuthibitisha nia ovu, kosa linashuka na kuwa kuua bila kukusudia. Na kwamba hapo jaji ana uwanja mpana, hadi kifungo cha maisha. Waliandika kwenye madaftari. Hawakuniamini. Walichoamini ni maneno ya stendi, kwamba kuna watu walizungumza na watu.

Sisemi hukumu ile ilikuwa sawa au haikuwa sawa. Nasema mwanafunzi ambaye hajawahi kumwona jaji akimbana wakili wa Serikali kwa swali, kisha akageuka kumbana wa upande wa pili vilevile, hana sababu ya kuniamini mimi na chaki yangu.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na watoto wenyewe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, vinakiuka Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Kila hoja pale ilimhusu msichana wa kidato cha pili. Ingesikilizwa ukumbini Loleza, shule ya wasichana hapa Mbeya, mbele ya wanafunzi wake! Najua majaji hawachagui hoja kwa kuangalia nyuso za walioketi, ila mawakili wangeyapima maneno yao.

Masharti ni lazima yawepo. Mashauri ya ubakaji na yale ambayo mtoto ni mhusika yasiletwe shuleni. Mfungwa asishushwe kwenye karandinga mbele ya watoto wa shule. Ichaguliwe rufaa ya madai ambayo wahusika wameridhia. Ya ardhi ingefaa sana, maana Mbarali na Chunya ni nadra kukuta familia isiyojua ugomvi wa mpaka. Majaji wasiulizwe lolote kuhusu shauri lililo mbele yao. Na lugha iwe Kiswahili: sheria ilirekebishwa mwaka 2021 kukifanya lugha ya mahakama, lakini katika mahakama za juu Kiingereza bado hakijahama. Mbele ya watoto wa kata mawakili watalazimika kusema waeleweke, na nadhani hata mrufani mwenyewe atashukuru kuelewa kinachosemwa juu ya shamba lake.

Kuna watakaosema milango ya mahakama iko wazi, watoto waende huko. Ni kweli iko wazi. Ila basi la kutoka Kyela kuja mjini kwa darasa moja, nani analipa? Chumba cha mahakama kinaingiza wangapi? Tena mtoto wa kwetu ameshafundishwa kwamba anayeonekana mahakamani ana kesi.

Faida nyingine huja baadaye. Hukumu haitolewi siku hiyo. Inaweza kuchukua wiki au miezi. Ikitoka huwekwa TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za nchi, bure. Mwalimu anaichapa, darasa linarudi kwenye kura waliyopiga siku ya kusikilizwa, kwamba nani anastahili kushinda, wanaona hoja ipi majaji waliibeba na ipi waliiacha. Sijui somo la Uraia lenye nguvu kuliko hilo.

Ombi langu kwa Msajili wa Mahakama ya Rufani ni hili: kalenda ya vikao vya mwakani ikipangwa, atenge shauri moja kwa kanda hii na kuandikia ofisi ya Afisa Elimu Mkoa miezi mitatu kabla. Mawakili wa Chama cha Wanasheria wa Tanganyika tawi la Mbeya watuandikie muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi. Viti wanafunzi watabeba wenyewe kutoka madarasani.

Mwalimu wa Uraia,
Uyole, Mbeya