Wanaokuja kujifunza Kiswahili tusiwafungie chumbani

Bwana Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe jambo lililonikaa rohoni tangu wiki iliyopita.

Jirani yangu hapa Michenzani amepokea mwanafunzi wa kigeni, binti wa miaka ishirini hivi, aliyekuja kusoma Kiswahili kwa wiki nane. Jirani huyu ni mtu mwema, mkarimu, na nyumba yake inang'ara. Nilipokwenda kumjulia hali mgeni nilimkuta amekaa peke yake mezani, mbele yake sahani ya chipsi na kuku, feni inampepea, televisheni inasema peke yake. Familia nzima iko jikoni, chini kwenye mkeka, inakula wali kwa mchuzi wa changu na vicheko vinasikika mpaka ukumbini. Jirani akaingia akamuuliza kwa Kiingereza kama chakula kimemtosha. Binti akajibu kwa Kiingereza hicho hicho. Nilirudi kwangu nimenyong'onyea, kwa sababu nilichokiona pale ndicho nilichokifanya mimi mwaka 2010.

Wasomaji wa Unguja watakikumbuka kiza kile. Umeme unaotufikia kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika Disemba 2009, na kisiwa kizima kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Katikati ya kiza hicho, mwezi wa Januari, nikaletewa mwanafunzi wangu wa kwanza, msichana wa Kijerumani. Pampu hazifanyi kazi, maji hayapandi, na sisi tunakaa ghorofa ya nne. Kila alfajiri nilishuka na wanangu tukiwa na madumu, tukapanga foleni kisimani saa mbili, wakati mwengine tatu. Yeye nilimwacha ndani. Maji yake nilinunua kwa vijana wa mikokoteni, nikamchemshia, nikamwekea kandili chumbani apate kusoma kitabu chake. Niliona nimemheshimu.

Sasa hebu fikirini yaliyokuwa yakizungumzwa kisimani. Wanawake thelathini na ndoo zao, huyu anamlaani muuza mafuta ya taa aliyepandisha bei, yule anasimulia harusi iliyoahirishwa, wengine wanagombania nafasi. "Dumu langu lilikuwa mbele ya hili lako." "Lilikuwepo, mwenyewe ulikwenda wapi?" "Nilikwenda kumnyonyesha mtoto, kwani nimehama mji?" Wanagombana, wanapatana, wanatwikana ndoo. Yule msichana alivuka bahari kuyafuata maneno hayo hayo, na saa hiyo yuko juu ghorofani, anasoma kwa kandili namna ya kuomba chumba hotelini.

Usiku wa mwisho aliniambia: "Mama, umenitunza sana, lakini sikupata mtu wa kuzungumza naye." Aliyasema hayo kwa Kiingereza, na mimi, mwalimu wa skuli niliyesomesha Kiswahili miaka mingi, nikamjibu kwa Kiingereza. Sikupata usingizi usiku ule.

Wa pili alikuja Juni 2012, Mmarekani kutoka Wisconsin. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa bado na nguvu zake. Yeye Kiingereza hakujua hata neno la kuombea maji. Akaniambia siku ile ile, "Wa kwanza ulimharibu. Huyu niachie mimi, wewe nenda skuli kwako." Akamkirimu siku mbili, kama mila inavyotaka. Siku ya tatu akampa jembe, na kwetu sisi wa ghorofani jembe ni mbuzi ya kukunia nazi.

Nilikuwapo siku hiyo. Bibi alisema, "Nisogezee mbuzi," na mtoto wa watu akageuka kutazama mlangoni. Alipoelewa akacheka, akaketi, miguu upande mmoja na kanga imefungwa vizuri, akaanza kukuna. Alikuwa akikazana na mkono, nazi haizunguki, anakuna pale pale mpaka machicha yakatoka na weusi wa kifuu. Bibi akamshika kiganja. "Zungusha nazi, mwanangu. Ukiona weusi, umeshafika kwenye gome, hamia upande wa pili." Kisha maneno yakafuatana: nikunie na hii, nichujie tui, nitilie maji kidogo, nifunikie chungu, nipepelee moto. Jioni yule binti alinifungulia daftari lake la darasani. Ule ukurasa wa kauli ya kutendea ulikuwa umejaa mishale na alama za kuuliza. Tangu afike mwalimu wake alikuwa akihangaika naye. Akaniambia, taratibu, neno baada ya neno, "Mama, leo Bibi amenifundishia jikoni." Nikamwambia amenifundisha. Akafikiri, akasema, "Amenifundisha, na mimi nimemkunia." Hapo nikajua limeingia.

Kulikuwa na mengi ambayo kitabu kisingemwambia. Kila sahani ikipita alisema tafadhali, kila kijiko alisema ahsante, mpaka Bibi akaniuliza kwa wasiwasi, "Kwani tumemfanya nini mtoto huyu, mbona anatuogopa?" Ikabidi nimweleze binti kwamba kwetu adabu haimo kwenye neno moja. Imo kwenye shikamoo ya asubuhi, imo kwenye mkono wa kulia, imo kwenye sauti. Vile vile kila aliyemwambia "karibu" akiwa anakula, yeye aliingia akakaa. Siku moja alikula nyumba tatu kabla ya kufika kwangu, akaja ameshika tumbo. Bibi akamfundisha kujibu "starehe" na kupita zake, na akamfundisha pia kutambua karibu ya mtu anayekutaka kweli, anayekushika mkono na kukusogezea mkeka.

Halafu ikaja tarehe 18 Julai. Meli ya MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe na watu wetu wengi sana wakapotea. Hapa mtaani hakukuwa na nyumba isiyoguswa kwa namna moja au nyengine. Nilitaka kumwacha binti nyumbani siku hizo, asiyaone. Bibi alikataa. "Anakula nasi, atalia nasi." Akamfunga kanga na mtandio, akamwambia asiseme mengi: ukiingia sema makiwa, kisha kaa. Alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake mchana kutwa, anamenya vitunguu thomu vya kupikia, hakuna aliyemshughulikia kama mgeni. Karibu na Magharibi mama mmoja aliyefiwa alimwegemea begani akalia, na yeye akamshika hivyo hivyo, hakusema kitu. Siku chache baadaye tukaingia Ramadhani, na hapo ndipo Kiswahili kilipomtoka kama maji ya bomba: anamenya muhogo na majimbi, anatuuliza tui tulitie saa ngapi, anawafokea wanangu wanaodokoa kaimati kabla ya adhana.

Mama mkwe wangu alifariki mwaka 2019. Siku ya pili ya msiba simu ikalia, namba ndefu ya nje. Nikapokea. Hakuniamkia kama kawaida yake. Alisema, "Makiwa, Mama," kisha akanyamaza, kama alivyofundishwa.

Mhariri, najua ndugu zangu wanaopokea wanafunzi watasema, mtu amelipa, vipi nimshikishe ufagio? Naelewa, na mimi nilidhani hivyo. Lakini tuulizane amelipia nini. Chipsi ziko kwao. Feni iko kwao. Mwaka 1928 waliokutana Mombasa kuamua Kiswahili kipi kiwe sanifu walichagua lahaja ya Kiunguja, ya mji huu huu. Ndiyo maana mtoto wa Wisconsin au wa Ujerumani anapanda ndege kuja hapa. Anafuata kinachosemwa na Bibi akiwa amekalia kibao cha mbuzi, na sisi tunamfungia mlango kwa heshima tukidhani tunamtunza.

Wa kulaumiwa si wenyeji peke yao. Kituo kilicholeta wanafunzi wangu wote wawili, ambacho sitakitaja, kilinipa karatasi ya maelekezo, nami ninayo mpaka leo. Maji yachemshwe, sawa. Chandarua kiwepo, sawa. Chumba kiwe na kufuli, mwanafunzi asirudi usiku peke yake, yote sawa na nayaunga mkono. Hamna hata mstari mmoja unaotuambia tuzungumze naye Kiswahili. Hamna panaposema ale nasi, apike nasi, atumwe dukani. Hakuna aliyetukalisha wenyeji hata nusu siku akatuuliza tunaishi naye vipi, wala aliyerudi baada ya mwezi kuuliza anaendeleaje. Mtu hupewa mgeni na bahasha, basi.

Ninaloomba si kubwa. Wanaosimamia masomo haya, kabla ya kugawa wanafunzi, wawaite wenyeji wakae nao asubuhi moja. Waite na wale waliokwisha pokea wanafunzi waseme wenyewe makosa yao. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kusimama. Na wakichagua nyumba wasitazame vigae na choo cha kukalia tu. Waulize kama mna bibi, kama mna watoto wa kucheza nao nage, kama jikoni kuna watu. Nyumba yenye Kiingereza kingi si lazima iwe ndiyo bora kwa mtu aliyekuja kufuata Kiswahili.

Tarehe 7 Julai inakaribia, siku ambayo UNESCO waliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hotuba zitasomwa, na mimi nitakwenda kuzisikiliza kama kila mwaka. Wakati huo huo mgeni wa jirani atakuwa amebakiza wiki tano.

Nimekwisha zungumza na jirani yangu, kwa upole, na hakununa. Amekubali Jumamosi aniletee mwanafunzi wake tangu asubuhi. Nimenunua nazi sita, na mbuzi ya marehemu nimeitoa uvunguni nikaipangusa.

Mwalimu mstaafu,
Michenzani, Unguja