Malalamiko: juisi ya embe yenye ndizi isiyotajwa kwenye lebo

Kwa Huduma kwa Wateja,

Habari zenu. Mimi ni mteja wenu wa hapa Mwanza, naishi Igoma, na nawaandikia sababu majibu mliyonipa kwenye simu yameniudhi kuliko hata hiyo juisi.

Jumamosi nilinunua chupa yenu pale kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, imeandikwa embe, ina picha ya embe, nikajua ni embe. Mafunda matatu tu, na kivuko kishatoka, ulimi ukaanza kuwasha, mara midomo imevimba, mara koo linabana na sauti inakauka, sasa katikati ya ziwa unamwambia nani akupeleke hospitali? Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akanipa piriton, kidonge cha mzio, ya kwenye pochi yake, Mungu ambariki, ila tulipofika ng'ambo nikapakiwa bodaboda mpaka zahanati, wakanichoma sindano na kunigombeza juu, eti koo likishabana usikae unasubiri piriton.

Nikawapigia. Dada akakiri kabisa kwamba mnaweka ndizi mbivu kidogo juisi iwe nzito, halafu akaongeza, "lakini kaka juisi yetu ni asilia, haina kemikali, mbona wengine wanakunywa hawapati shida."

Jamani. Ndizi yenyewe ndo shida yangu, hata ingetoka shambani kwa bibi. Nilifanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara, kutwa nzima ndani ya glavu za mpira, mikono ikaanza kutoka vipele, nikadhani ni sabuni. Baadaye nikawa nikila ndizi au parachichi mdomo unawasha. Daktari akanieleza kwamba kwenye utomvu wa mpira kuna protini zinazofanana na za ndizi, parachichi, papai na hata kiwi, kwa hiyo mwili ukishaichukia moja unaweza ukazishambulia na zingine. Unaweza, sio lazima, maana papai mimi nakula vizuri tu, na jamaa tuliyekuwa naye meza moja, glavu zile zile, hajawahi kuwashwa hata siku moja. Kwa hiyo hilo la "mbona wengine" halinisaidii chochote, hao wengine hawana mwili wangu.

Siwaambii muache kuweka ndizi, wekeni hata mkungu mzima, ila andikeni. Neno moja tu, ndizi, kwenye lebo, na sio herufi za kutafuta na tochi. Embe lenyewe kuna watu linawatoa malengelenge mdomoni wakilimenya kwa meno, ila angalau wao mmewawekea picha wanajua wakimbie.

Nataka jibu la maandishi ndani ya wiki mbili pamoja na hela yangu ya bodaboda na zahanati, risiti ninazo, la sivyo nabeba chupa naenda TBS, Shirika la Viwango. Chupa ipo kwenye friji ya dada yangu, imebaki nusu, ameibandika karatasi "USINYWE INA NDIZI", kitu ambacho nyie kimewashinda.

Mteja wenu, Igoma