Barafu yatuyeyukia na maranda twayachoma

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la barafu maana wallahi sisi wavuvi wa Lamu latuumiza. Juzi nimenunua magunia matatu ya barafu ya kusagwa, tukaenda nayo upande wa Kiwayu, siku ya pili nafungua kasha ni maji tupu, changu na tewa wameshaanza kulegea. Tulivyorudi tajiri akafunua mashavu ya samaki, akaona yamekuwa ya kahawia, bei akaikata nusu hapo hapo.

Sasa watu wa zamani wasiokuwa na friji walifanyaje? Mwaka 1833 meli ya Tuscany ilitoka Boston kule Marekani na tani 180 za barafu iliyokatwa kwenye maji ya ziwa yanayoganda msimu wa baridi, mfanyabiashara wake Frederic Tudor, ikaenda hadi Calcutta, miezi 4 baharini, ikweta imeivuka mara 2, na ilipofika zilikuwa zimebaki kama tani 100! Mashine hawakuwa nayo, ni mabonge makubwa yamepangwa yakabanana na kuzungushiwa vitu vikavu vya kuzuia joto, na katika biashara hiyo ya Tudor unga wa mbao ulitumika sana. Waajemi nao (hata hili neno barafu asili yake ni kwao) walikuwa na yakhchal, kuba la udongo la kuta nene juu ya shimo, barafu ya usiku wa baridi yakaa humo hadi kiangazi, na huko ni jangwani.

Na sisi unga wa mbao na maranda tunayo, nenda Matondoni wanapounda majahazi uone yanavyorundikana hadi yachomwa moto. Mimi nimejaribu, kasha ndani ya kasha, katikati nimeshindilia maranda makavu upana wa vidole vinne, yaani ile hewa iliyonaswa mle ndani ndiyo izuiayo joto, lakini yakirowa hayana kazi tena kwa hiyo lazima uyazibe vizuri, na chini nikatoboa tundu maji yatoke yasituame. Safari hii nilitafuta bonge zima sio ya kusagwa. Siku ya tatu bado lilikuwepo, kama kichwa cha mbuzi hivi.

Kaskazi ndiyo hiyo yaja na joto lake. Naomba wanaotuuzia barafu watuuzie mabonge, ya kusagwa yayeyuka upesi mno, na wenzangu wa BMU (kikundi chetu cha kusimamia ufuo na uvuvi) tukae tuongee na mafundi wa Matondoni wasichome tena yale maranda, watuwekee kwenye magunia, sisi tutayafuata kwa mashua.

Mvuvi, Lamu