Kazi zangu nzuri zina jina la mtu mwingine

Anti, shikamoo.

Mimi ni mchoraji wa kujitegemea, naishi Mabibo, Dar es Salaam. Ndoto yangu ni kuchora vitabu vya watoto. Juzi mhariri wa kampuni moja ya uchapishaji aliona michoro yangu Instagram, akanipigia, akaniomba nimtumie potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zangu. Ningepaswa kufurahi. Badala yake sipati usingizi.

Kazi zenye jina langu ni picha za maharusi nilizochora kutoka kwenye simu za wateja, kadi za kipaimara, fulana za mahafali, na ukuta wa shule moja ya chekechea wenye twiga na herufi. Ni kazi halali, ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Lakini mhariri wa vitabu hatafuti hayo. Anataka kumwona mtoto mmoja akikimbia, akilia, akiwa amegeuka mgongo, amevaa sweta la shule na kesho yake amelivua, na bado msomaji wa miaka mitano amtambue kuwa ni yuleyule. Anataka kujua kama unaacha nafasi ya maandishi, na kama uso wa mhusika hautaangukia pale kurasa mbili zinapokutana, ukamezwa na mshono. Bibi harusi wangu, hata awe mzuri vipi, hajibu swali lolote kati ya hayo.

Na mimi mambo hayo nayajua, nimeyafanya kwa miaka. Tatizo ni kwamba niliyafanya kwa jina la mtu mwingine.

Kuna kaka mmoja, mchoraji wa siku nyingi, ndiye aliyenishika mkono. Nilienda kwake nikiwa sijawahi kugusa tableti ya kuchorea. Mwanzo nilikuwa namjazia rangi na kuchora mandhari: migomba, mabati, kamba za nguo. Baadaye akawa ananipa rafu za penseli, yaani michoro ya awali, nizimalizie. Mwishoni nilikuwa naanza na kumaliza kurasa mwenyewe, yeye akirekebisha macho na vidole tu. Alinilipa kwa kila ukurasa, kwa simu, bila mkataba wa maandishi. Vitabu vilipotoka, penye neno "Michoro" paliandikwa jina lake peke yake. Sisemi kwamba alinidhulumu. Karakana nyingi huenda hivyo, na alilipa kwa wakati, tabia ambayo wateja wangu wa harusi hawana.

Nilipoanza kujitegemea nilimgusia kama naweza kuwaonyesha watu zile kurasa. Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, jina litakuja lenyewe," kisha akaniuliza habari za mama. Mpaka leo sijui kama aliniruhusu au alinikataza kwa upole.

Binamu yangu anayesoma sheria anasema Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha haki ya kuingiza fedha kutokana na kazi na haki ya mtunzi kutambulika kuwa ndiye aliyeitunga. Kwa hiyo, anasema, hata kama fedha za vitabu si zangu, suala la jina linaweza kujadiliwa. Halafu akaanza kunihoji: ulikuwa mwajiriwa wake au kibarua? Mlikubaliana nini? Nani alimbuni mhusika? Mhusika ni wa kaka. Mimi ndiye niliyempandisha juu ya mwembe na kumnyeshea mvua. Sasa mchoro ule ni wa nani, sijui, na sitaki kumfuata mtu aliyenifundisha nikiwa na vifungu vya sheria mkononi. Isitoshe, wachapishaji wa vitabu vya watoto hapa nchini wanajuana kama majirani wa nyumba moja ya kupanga.

Wapo walionishauri niachane na kurasa za kaka, nitengeneze kitabu changu mwenyewe cha mfano. Ushauri mzuri, na nimeuanza: kurasa 16, habari ya mtoto aliyetumwa unga dukani kwa Mangi, njiani akakuta mfereji umefurika na daraja la mbao halipo. Nilikwepa kwa makusudi Sungura na Fisi, maana kila mchoraji chipukizi anao. Nimeridhika na mtiririko wake. Lakini nilipozitandaza kurasa sakafuni nikaona kitu kilichoniogopesha. Mtoto wangu ana pua ya kaka. Ana magoti yake, namna yake ya kusimama, hata yale mashavu ya rangi ya chungwa. Mhariri anayevifahamu vitabu vile atasema ninamuiga, na nitamwambia nini? Kwamba mashavu hayo mengine niliyapaka mimi?

Najua kufuata mkono wa mwalimu si aibu. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, ndugu na wanafunzi wake waliendelea na mtindo wake wa uchoraji, na jina lake likawa jina la mtindo wenyewe. Ila wao wanauza kwa mtindo huo, mteja amekuja akiutafuta. Mhariri wangu ameniita akiamini nina mkono wangu.

Nimepewa hadi mwisho wa mwezi. Naomba unisaidie, Anti, wewe na wasomaji waliowahi kupita njia hii. Je, niweke kurasa mbili tatu za vile vitabu na kuandika wazi chini yake nilichofanya, kwamba mhusika ni wa fulani, mimi nilichora mandhari na kumalizia? Nikifanya hivyo, nimwombe kaka kwanza kwa maandishi, au kumwandikia ndiyo kutamfanya akatae jambo ambalo kwa mdomo alikuwa ameliachia? Au nitume kile kitabu cha mtoto wa unga kama kilivyo, na mashavu yake, nikingoja mkono wangu ujitenge taratibu? Na ukuta wa chekechea je, uingie au nao niutoe? Huo angalau, twiga wake hafanani na wa mtu yeyote.

Mchoraji wa Mabibo
Dar es Salaam