Ndoo Iliyojaa Asubuhi

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulilalamika, mimi nikacheka, nawe ukanuna. Niwie radhi. Ulisema wiki ya tatu inakwisha hapo chuoni unakosomea utunzaji wa farasi na hujapanda farasi hata mara moja, kazi ni toroli, reki na samadi kuanzia alfajiri. Simu ikakatika kabla sijakujibu, basi nakuandikia, maana jibu lenyewe ni refu kidogo.

Samadi unayoizoa ndiyo habari ya kwanza anayokupa farasi kila asubuhi. Itazame kabla hujaitupa. Ni nyingi kama jana? Ni kavu kuliko kawaida, au ina ute juu yake? Farasi hawezi kutapika. Mlango wa juu wa tumbo lake umebana mno. Kilichoingia hakina njia nyingine ila kusafiri zaidi ya mita 20 za utumbo wenye kona na sehemu nyembamba, na kikikwama popote humo, mnyama yuko hatarini. Tumbo lenyewe ni dogo kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 tu, ndiyo maana hulishwa kidogo kidogo mara nyingi. Mwenye kilo 500 anahitaji kilo 8 hadi 10 hivi za nyasi kavu kwa siku, na nafaka ije baadaye kama kazi yake inaidai. Najua haya mmeshaandikishwa. Nataka nikueleze lisilokuwamo daftarini.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili kazini. Usiku huo kulikuwa na baridi kali. Asubuhi nikapita na tochi, nikakuta ndoo ya farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia imejaa hadi mdomoni. Nikafurahi! Nikadhani mwenzangu wa zamu ya usiku amenipunguzia kazi, nikasonga kwenye chumba kinachofuata. Kumbe hakuna aliyeijaza. Niliijaza mimi mwenyewe jioni, na yule farasi hakuwa ameonja tone. Mnyama wa kunywa lita 25 na zaidi kwa siku, usiku mzima hajanywa kitu, nami nimempita nikipiga mluzi.

Saa tano akaanza kuparapara sakafu kwa kwato ya mbele. Akawa anageuza kichwa kuangalia ubavu wake, kama mtu anayemtafuta aliyemgusa. Akalala, akainuka, akalala tena, jasho limemtoka shingoni. Chango hicho, maumivu makali ya tumbo. Daktari wa mifugo alipofika akamsikiliza tumbo pande zote mbili, kisha akapitisha mpira puani hadi tumboni na kummiminia maji yenye chumvi. Chakula kilikuwa kimekauka na kukwama ndani ya utumbo mpana, pale unapojikunja na kupungua upana. Siku ya pili akatoa kinyesi, nami nikalia mbele ya watu.

Mwenye farasi alinishukuru sana kwa kumwita daktari upesi, akanipa na bahasha. Sikumwambia habari ya ndoo. Wewe ndiye wa kwanza kuisikia.

Tangu hapo siyapendi yale mabirika yanayojijaza yenyewe, ingawa yanaokoa mgongo. Hayakuambii nani kanywa na nani hakunywa. Kama chuoni mnayo, uliza kama yana mita, na kama hayana, usiku wa baridi weka ndoo.

Sasa njoo kwenye vipimo. Mtafundishwa kwamba farasi mzima aliyetulia ana joto la nyuzi 37.5 hadi 38.5, moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na hupumua mara 8 hadi 16. Yakariri, utaulizwa kwenye mtihani. Lakini niliwahi kumtunza dume mmoja ambaye moyo wake kila siku ulikuwa 30, ukizidi sana 32. Siku moja nikamgusa mshipa chini ya taya nikahesabu 42. Kwa kitabu bado ni mzima. Kwangu mimi alikuwa anapiga kelele. Tukampima joto, likawa linapanda, na jioni tukaona uvimbe mguuni. Huwezi kuujua ugonjwa wa farasi kama huijui afya yake, na afya yake utaijulia wapi kama si hapo kwenye toroli na reki, siku mia ambazo hakuna kilichotokea?

Kwato nazo vivyo hivyo. Usizisafishe ukifikiria chai. Gusa kila moja kwa kiganja uone kama kuna yenye joto kuliko wenzake, nusa katikati, pale penye ile sehemu laini ya pembetatu. Ukisikia uvundo na kuona majimaji meusi, matandazo ni mabichi na aliyepaswa kuyabadilisha ni wewe. Fundi wa kwato akija, kila wiki 6 hadi 8 hivi, usimshikie tu kamba, muulize. Mafundi wengi wana ulimi mkali na mkono wa ukarimu. Na ukiinua mguu, usipige magoti kamwe, chuchumaa ili uweze kuruka. Kamba usijizungushie mkononi. Farasi haoni kilicho nyuma ya mkia wake wala kilicho mbele kabisa ya paji la uso, basi mwambie unakuja kabla hujafika. Mimi sijawahi kufika kilo 60, mwanangu, sikuwahi kumshinda farasi hata mmoja kwa nguvu.

Kuna jambo moja nakuonea wivu. Mimi nilifundishwa na wazee wa bandani, nao walijua mengi, lakini walichanganya ya kweli na ya uzushi wakayatamka kwa sauti ileile. Waliniambia farasi mwenye joto asinyweshwe maji mpaka apoe, wala asimwagiwe maji baridi misulini, atakakamaa. Nimewafuata miaka mingi. Halafu, wakati wa kujiandaa kwa Olimpiki za Atlanta mwaka 1996, kwa hofu ya joto la pale, watafiti walipima jambo hili kwa makini, wakaona maji baridi mengi mwili mzima ndiyo yanayomwokoa farasi aliyechemka. Na kumnyima maji mwenye kiu hakukuwa na faida yoyote. Nikifikiria wale niliowaacha wakihema huku ndoo iko hatua tatu tu! Wewe utaambiwa na sababu. Mwalimu akisema jambo, muulize kwa nini, na ukifika kazini ukakuta mzee kama mimi anang'ang'ania ya zamani, mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Kuhusu pesa sitakudanganya. Saisi, yaani mtunzaji wa kawaida, hulipwa kidogo kwa saa nyingi, na farasi hajui sikukuu. Wengi huacha mgongo unapoanza kulalamika. Kwa hiyo usikae kwenye reki maisha yote kama mimi. Chukua cheti cha huduma ya kwanza, jifunze kuendesha lori la kusafirishia farasi, na kile kipindi cha hesabu na kumbukumbu za banda unachokiona cha kuchosha ndicho kitakachokufanya msimamizi. Ukipenda watoto wa farasi, nenda mashamba ya kuzalisha. Mimba ni miezi 11 na wengi huzaliwa usiku, kwa hiyo usingizi uuage. Ukipenda tiba, usaidizi wa daktari. Na kwenye kazi yoyote utakayopewa, uliza bima kabla ya kuuliza mshahara. Teke moja linatosha.

Kupanda utapanda. Nakisia wiki ya sita, na siku ya pili yake hutaweza kukaa kwenye kiti.

Yule wa kijivu uliyesema anakuvuta mkono wa shati, naomba umpime kila asubuhi kabla hajala, kwa wiki mbili: joto, mapigo, pumzi. Uandike pia ndoo yake imebaki na maji kiasi gani. Unitumie tarakimu zote, hata zikifanana. Mimi nakutumia buti zangu za zamani kwa basi la Ijumaa. La kushoto lina kiraka, ila halivuji.

Mama yako