Darasa la usiku Lamu lirudishwe, mafundi wetu hawana mchana

Mhariri, salaam aleikum. Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako manake hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na sioni mtu akilizungumza.

Mimi ni fundi seremala, nimejifunza kazi kwa mjomba wangu hapa Langoni kabla sijapata cheti chochote, na tangu 1999 nimekua nikifundisha watu wazima jioni, kusoma na kuandika pamoja na hesabu za ufundi. Wengi bado hua wanaita gumbaru. Mimi ni mwalimu wa posho si wa mshahara, hiyo nimeizoea, siandiki kwa sababu hiyo peke yake. Naandika kwa sababu darasa la usiku limeuliwa na hakuna aliyesema limeuliwa.

Ilikua hivi. Darasa letu lilikua baada ya Isha. Si kwa kupenda usiku, ni kwa sababu mwashi hushuka kwenye ukuta jioni, akaoga, akaswali, akala, ndo awe na nafasi. Mama wa kushona kofia hapati kukaa mpaka watoto warudi madrasa na wapate chakula. Wavuvi nao wanafuata maji, bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, likiwa zuri humuoni mtu wiki nzima, maji yakiwa mafu wanakuja wote pamoja hadi viti havitoshi. Msimu wa upepo wa kaskazi darasa linapungua, msimu wa kusi bahari ikichafuka linajaa tele. Mimi ratiba yangu nlikua naipanga kwa kalenda ya mwezi, na ukitaka kufundisha watu wa Lamu hakuna njia nyingine.

Halafu 2014 baada ya yale mauaji ya Mpeketoni, kaunti hii hii yetu, ikaja kafyu ya usiku, mwezi wa Julai. Tulielewa, watu walikua wamekufa na hofu ilikua ya kweli. Darasa likahamishiwa mchana, tukaambiwa ni kwa muda tu. Kafyu ikaongezwa ikaongezwa tena, hata wavuvi wa usiku wakakatazwa bahari, na ilipokuja kuondolewa darasa halikurudi usiku, likabaki pale pale saa nane mchana. Saa nane mchana mhariri! Nani fundi atakuja saa nane na ana zege imechanganywa? Sasa hivi rejista yangu ina watu wachache na afisa mmoja ameniambia wazi kwamba kama mahudhurio ni haya basi watu wa hapa hawana haja na elimu. Nimesikia vibaya sana, kwa sababu haja ipo, mlango ndo umefunguliwa wakati ambao wenyewe hawapo.

Na nataka watu waelewe ni watu gani hawa. Mwaka 2006 serikali ilifanya uchunguzi wa kusoma na kuandika nchi nzima, ikaonekana watu wazima wanaojua ni asilimia 61.5, yaani karibu wanne katika kila kumi hawajui. Sawa. Lakini nikukalishe darasani kwangu uone huyo "asiyejua". Nilikua na mzee mmoja mwashi, ametengeneza nyumba za mawe za mji wa kale miaka zaidi ya thelathini, anajua chokaa imeiva kwa kuigusa, anajua boriti imeoza kwa kuigonga. Siku ya kwanza nimempa kalamu akaanza kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mzee amesoma madrasa utotoni, Kurani anasoma, na Kiswahili anakiandika kwa herufi za Kiarabu kama vile mababu zetu hapa walivyoandika tenzi zao. Herufi anazo, ila si zile za fomu za serikali. Kwa hivyo sikumuanzisha na a e i o u kama mtoto, nlimuwekea be kando ya b, mim kando ya m, na neno la kwanza aliloandika likawa boriti. Kufika mwezi wake wa tatu darasani alikua anaandika makadirio ya kazi mwenyewe, mifuko ya saruji mingapi, boriti ngapi, siku za vibarua ngapi, anapeleka kwa mwenye nyumba na anapunjwa kidogo kuliko zamani.

Hiyo ndo kazi ya mwalimu wa jioni. Haifundishwi mahali, unaipata kwa kukaa na watu miaka mingi, na sisi tulioipata tunazeeka, nyuma yetu sioni kijana kwa sababu hakuna kijana atakaeishi kwa posho.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Serikali inazungumza kuhusu kuwatambua mafundi kwa ujuzi walio nao hata kama hawakuenda chuo, wapewe vyeti. Jambo zuri sana, mimi naliunga mkono kwa mikono miwili. Kazi kubwa kubwa za ujenzi zilipokuja upande wa bara, yule mwashi wangu alienda akaulizwa cheti, akarudi na jahazi lile lile, na vijana wawili aliowafundisha yeye mwenyewe wakachukuliwa kwa sababu walikua na gredi, yaani cheti cha mtihani wa ufundi. Lakini huo utambuzi una fomu, una ushahidi wa kazi wa kupanga na kuandika, una maswali. Nani atakaa na mzee wa miaka sitini amsomee, amuelekeze, amtayarishe? Si vyuo vya ufundi vya kaunti, hivyo ni vya vijana na vinafunga jioni. Ni darasa la usiku, lile lile lililouliwa.

Katiba ya 2010 ibara ya 43 inasema kila mtu ana haki ya elimu, haikuandika kila kijana wala kila anaepatikana saa nane mchana.

Ninachoomba si majengo. Wanaohusika waturudishie masaa ya baada ya Isha, rejista ihesabiwe kwa mwaka mzima wala si kwa mwezi wa kaskazi, na mwalimu wa jioni apewe mkataba wa kueleweka ili fundi kijana akubali kuja kukaa na mimi ajifunze kabla sijachoka. Chumba kipo, taa zinawaka, ufunguo ninao mimi. Mzee mwashi juzi tumetoka msikitini ameniuliza tena, "Mwalimu, tunaanza lini?" na sikua na jibu la kumpa.

Mwalimu wa jioni,
Langoni, Lamu